Ndovu wa Soko la Sinaw

Alhamisi, jua bado halijatia makali,
shangazi Thuweiba ananivuta kiganja
katikati ya pikapu na mavi mabichi.
Anatafuta mbuzi wa akika ya kitukuu,
mwenye meno kamili, asiyekohoa.

Mimi kichwani nina kitabu.
Usiku nalinda maktaba kule Maskati,
nasoma kamusi zisizoazimwa na mtu,
na juzi nimekutana na Wagothi,
watu wa zamani, wa mito inayoganda,
walioifasiri Injili kwa lugha yao.
Walipofika penye tundu ya sindano
walihitaji jina la ngamia.
Wakaandika: ulbandus.

Nalo, wasema wanaofukua maneno,
lilikuwa jina la ndovu.
Lilitoka kusini, likapita midomo mingi,
likafika huko limesahau mkonga wake,
likamwangukia mnyama mkubwa wa mbali,
yeyote, mradi ni mkubwa na ni wa mbali.

Nikamweleza shangazi.
Alicheka mpaka ushungi ukamteleza.
"Ndovu katika tundu ya sindano!
Basi matajiri wao wana kazi kuliko wetu."

Kisha akanyamaza, akamtazama ngamia jike
aliyefungwa goti, anatafuna hewa.

"Mimi ngamia nilimjua Unguja,
kwa Bwana Hilali, kwenye kinu cha ufuta.
Kafungwa kitambaa machoni, anazunguka,
anazunguka, mafuta yanachuruzika.
Nilidhani ngamia maana yake ni kuzunguka.
Nilipoletwa huku, mwaka wa sabini na nne,
nikamwona mmoja anakwenda moja kwa moja
mpaka akapotea kwenye mchanga.
Nikamwambia marehemu mjomba wako:
yule kaharibika."

Mzee wa Kiwahiba, Mselem, fimbo begani,
akatuonyesha kundi lake kwa kidevu.
"Hii ndiyo mali," alisema kwa Kiarabu chake,
na shangazi, kwa mazoea, akashika pochi.

Mali! Hapo nilisimama kama niliyekanyaga mwiba.
Maana Wagothi nao walikuwa na faihu,
utajiri, ndivyo walivyoliandika,
na kwa jamaa zao neno hilohilo
lilikuwa bado linalala zizini.
Sisi pwani mali tuliipokea ikiwa imechinjwa:
haina kwato, hailii, hainyi,
inakaa benki.
Mselem anaikamua kila alfajiri.

Na dubu? Dubu walimwogopa.
Jina lake la kweli walilifukia,
wakamwita yule wa kahawia,
wasije wakamwita akaitika.
Nikataka kumcheka mtu wa baridi
anayenong'ona msituni, wa kahawia, wa kahawia,
nikakumbuka usiku wa mvua ya Al-Mudhaibi,
shangazi mlangoni, taa mkononi, sauti ya chini:
"Usiingie chooni. Kuna kamba."
Na mimi, mzaliwa wa Maskati,
ambaye sijaona msitu,
nilijua kamba ile ina macho.

Mbuzi tulimpata. Riali sitini na tano,
baada ya viapo vitatu na kuondoka mara mbili.
Mweusi, sikio moja limechanika.
Njiani nilimwita, nikijaribu:
mbuzi. Hakugeuka.
Ghanam. Hakugeuka.
Nikamtupia na lile la Wagothi, gaits,
likasikika kama mlango wenye kutu.
Akanitazama kidogo, akapiga chafya.

"Mwache," alisema shangazi, "hana jina bado.
Jina ni la mtoto. Huyu ni wa kuliwa."
Akatoa tende kwenye pochi, ileile aliyoishika,
akambwagia kokwa na nyama yake.

Nyuma yetu, kwenye vumbi, ngamia jike
alifunguliwa goti.
Aliinuka nyuma kwanza, kisha mbele,
kipande kwa kipande, hakuwa na haraka,
na kwa kitambo, kabla shingo haijanyooka,
niliapa nimeona mkonga.